Wanafunzi wa udaktari, kambi ya ngozi bila ziara ya pili haitoshi

Ukikaa Kisumu muda wa kutosha utaizoea hii picha. Bango limebandikwa kwenye geti la shule au kanisa: kambi ya matibabu ya bure, Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi. Basi la chuo linafika likiwa limejaa wanafunzi wa udaktari ndani ya T-shati mpya za rangi moja. Meza za plastiki zinapangwa, mashine za presha zinatolewa, foleni inajipinda hadi barabarani. Kufikia saa kumi jioni basi limeshaondoka na picha ziko kwenye status.

Hatuna ubaya na kambi hizo. Mwanafunzi anayeacha kitanda Jumamosi akaenda kupima presha za akina nyanya wa Nyalenda anastahili heshima, na tuseme ukweli, kuna vijana wengi wa umri wake ambao siku hiyo wanaamka saa saba mchana. Lakini kuna tawi moja la tiba ambalo kambi ya siku moja hailisaidii sana, na wakati mwingine inaliharibu. Tawi hilo ni la ngozi.

Katika vyuo vingi vya udaktari duniani kuna klabu za wanafunzi wanaotaka kubobea kwenye ngozi. Wanakutana baada ya masomo, wanaalika daktari bingwa, wanajadili wagonjwa, kisha wanaenda mitaani kutoa huduma. Kisumu ina kila sababu ya kuwa na klabu ya aina hiyo, tena yenye nguvu. Chuo Kikuu cha Maseno kina shule yake ya udaktari, na wanafunzi wake hujifunzia wodini katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wazee bado wanaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Chuo Kikuu cha Uzima kipo. KMTC ipo, nayo inafunza maafisa wa kliniki na wauguzi ambao ndio mgonjwa wa kijijini hukutana nao kwanza. Watu si shida. Swali ni hao watu watafanya nini wakishakuwa na klabu.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema watu bilioni 1.8 wana tatizo la ngozi wakati wowote ule. Mei 2025 mkutano wake mkuu ulipitisha azimio la kuyafanya magonjwa ya ngozi kuwa suala la kipaumbele katika afya ya umma. Vizuri, lakini azimio ni karatasi. Huku kwetu madaktari bingwa wa ngozi ni wachache, na wengi wao wako Nairobi. Mtu wa Mbita au Usenge anayewashwa huanzia kwa chemist, anauziwa tyubu ya kremu, akirudi anauziwa nyingine. Kremu nyingi za aina hiyo zina steroidi. Ukiipaka kwenye choa, steroidi hutuliza mwasho siku tatu nne huku kuvu ikisambaa polepole, na mgonjwa akija kufika hospitalini alama zimebadilika kiasi kwamba hata daktari anakuna kichwa.

Sasa chukua upele. Hatusemi upele wowote. Tunasema ule unaoletwa na mdudu mdogo kupindukia anayechimba vijia ndani ya ngozi, katikati ya vidole, kwenye viganja, kiunoni, na kukuwasha usiku hadi unatamani kujikuna kwa ukuta. Upele huo unapenda msongamano. Unapenda bweni, unapenda seli, unapenda chumba kimoja cha Obunga kinacholaza watu sita. Unapenda pia madarasa yanayogeuzwa makao kila mto Nyando unapovunja kingo na watu wa Kano wakakimbia maji.

Mtu anayeambukizwa upele kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita kabla ya kuanza kuwashwa, na muda huo wote anaweza kuambukiza wengine. Kwa hiyo mama akija kambini na mtoto mmoja anayejikuna, wale watatu waliobaki nyumbani wakicheza bila shida pengine tayari wanao. Ukimpa mama chupa moja kwa ajili ya huyo mmoja, atapona, atalala kitanda kimoja na nduguze, na baada ya mwezi ataanza tena. Nyumba nzima inafaa kupakwa dawa usiku mmoja, kuanzia shingoni hadi nyayoni, bila kuruka kwapa wala chini ya kucha, wanaowashwa na wasiowashwa. Kama dawa ni permethrini, inakaa saa 8 hadi 14 kabla ya kuoshwa, na baada ya kama wiki moja inapakwa tena kwa sababu ya mayai yanayoweza kuwa yamebaki. Nguo na mashuka yanafuliwa kwa maji moto na kuanikwa juani. Yasiyofulika yanafungiwa siku kadhaa, kwani mdudu huyo akitoka kwenye mwili wa mtu huishi siku mbili tatu tu. (Vitabu vinasema tumia mfuko wa plastiki. Hapa Kenya mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, basi tafuta gunia au ndoo yenye kifuniko.)

Halafu kuna jambo linalowaangusha wengi. Hata wadudu wote wakifa, mwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne. Mgonjwa ambaye hakuambiwa anaamini alipewa dawa feki. Anaipaka tena na tena, ngozi inaungua, anarudi kwa chemist, na ile hadithi ya tyubu inaanza upya. Nani atakuwepo wiki ya tatu kumwambia mama kwamba hii ni kawaida, asubiri? Basi la chuo liliondoka zamani.

Piga hesabu. Nyumba ya watu sita, kila mtu mara mbili, ni dozi 12. Kambi iliyokuja na chupa 100 za dozi moja moja inatosha kumaliza upele katika nyumba nane tu. Ama inaweza kugawia watu 100 chupa moja moja na kuandika kwenye ripoti kwamba imehudumia watu 100. Ripoti ya pili inapendeza zaidi kwa wafadhili na kwa mkuu wa chuo. Sisi tungechagua nyumba nane.

Funza nao ni vilevile. Mdudu huyu si wa kwetu asilia. Inaaminika alitoka Brazil kwa meli hadi Angola mwaka 1872, na kabla ya karne hiyo kuisha alikuwa ameshavuka bara zima hadi upande huu. Jike huingia kwenye ngozi ya mguu, huvimba kwa mayai, kisha hufa mwenyewe baada ya wiki chache. Watu hawangoji. Hutoa kwa pini au mwiba, na pini hiyo moja huzunguka miguu ya watoto wote wa boma, pamoja na pepopunda na viini vingine inavyoweza kubeba. Kuna mafuta ya dimetikoni ambayo humziba funza pumzi bila mtu kuchimbwachimbwa, na klabu yoyote ya ngozi ukanda huu inafaa kuyafahamu vizuri na kushinikiza yapatikane kwenye zahanati.

Lakini hata mafuta hayo hayagusi sakafu. Funza wachanga hukulia kwenye vumbi la ndani ya nyumba, pale watoto wanapolala, na mbwa wa nyumbani huwabeba pia. Kambi ya funza tunayoijua sisi ni beseni la maji ya zambarau, mgeni wa heshima akiosha mguu mmoja mbele ya kamera, na viatu vya kugawa. Mwezi mmoja baadaye viatu vimehifadhiwa vya kanisani na vumbi liko palepale. Kazi ya maana iko kwenye ile sakafu: kunyunyizia maji na kufagia kila siku, kuikanda kwa udongo wa mfinyanzi au kuitia simiti, kumtafutia mbwa dawa. Haina picha nzuri. Mwanafunzi atarudi nyumbani na matope kwenye T-shati.

Tukisema picha, hapo tuna kesi na wenzetu. Magonjwa ya ngozi yanaonekana, na kwa hiyo yanapigwa picha kuliko mengine yote. Ingia mitandaoni utaona miguu ya watoto, migongo ya akina mama, nyuso zenye mabaka, na chini yake maneno ya kumshukuru Mungu kwa nafasi ya kuhudumia jamii. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti. Mtu akisema “mama alikubali”, tunauliza alikubali akiwa wapi. Alikuwa kwenye foleni ya dawa ya bure, mbele ya daktari mdogo aliyevaa koti jeupe. Angekataa vipi? Huyo mtoto wa miaka minane atafika kidato cha tatu, na kuna mwanafunzi mwenzake ataikuta ile picha. Hiyo noma yake itabaki baada ya funza kuisha.

Na bado picha zinahitajika, tena sana. Vitabu vingi vya tiba vinaeleza ngozi kwa kutumia mwili wa Mzungu: wekundu, rangi ya waridi, zambarau hafifu. Kwenye ngozi ya mtu wa Alego wekundu huo unaweza kuonekana kama weusi uliozidi, au kijivu, au usionekane kabisa hadi uguse na kuhisi joto. Mwaka 2020 mwanafunzi wa udaktari London, Malone Mukwende, mzaliwa wa Zimbabwe, aliona pengo hilo darasani kwake. Akishirikiana na walimu wake wawili akatoa kijitabu kiitwacho Mind the Gap, chenye picha za dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia. Alikuwa bado mwanafunzi. Kijitabu kikasambaa duniani.

Sasa fikiria klabu ya Kisumu, mjini ambapo karibu kila mgonjwa anayepita ana ngozi nyeusi, ikikusanya picha kwa idhini ya maandishi, kwa kibali cha kamati ya maadili ya hospitali, bila sura wala jina, zikahifadhiwa hospitalini na si kwenye simu ya mtu. Mwalimu angezitumia kufundishia miaka 20. Chukua mfano wa saratani ya Kaposi, iliyoelezwa na daktari wa Vienna mwaka huohuo wa 1872 funza waliposhuka Angola. Inahusiana sana na HIV, na kaunti za Nyanza zinajua HIV ni nini. Vitabu vinasema tafuta madoa ya zambarau. Kwenye ngozi yetu doa hilo linaweza kuwa jeusi tii kama alama ya jeraha la zamani, na mwanafunzi aliyekariri neno “zambarau” atalipita.

Doa lingine linalopitwa ni lile lisilowasha. Ukoma haujaisha. Kaunti ya Busia ina Alupe, mahali palipojulikana miaka mingi kwa kuwahudumia wenye ukoma, na vijana wengi wa mjini wanadhani habari hizo ni za Agano la Kale. Dalili ya mwanzo mara nyingi ni baka lililopauka kidogo kuliko ngozi inayolizunguka, halijikunishi, na ukiligusa kwa pamba mgonjwa aliyefumba macho hahisi kitu. Kipimo hicho hakihitaji mashine. Kinahitaji pamba na mtu aliyefundishwa kuuliza. Dawa zake zimekuwa za bure duniani kupitia WHO tangu 1995, zinamezwa miezi 6 au 12 kutegemea aina, na mtu akianza mapema anapona kabla ya vidole kuharibika. Kwenye kambi yenye haraka, baka hilo hupewa kremu ya kuvu na mgonjwa anaambiwa “utapona”. Miaka inapita. Nyumbani huenda watu wakaanza kunong’ona kuhusu chira, eti kuna mwiko ulivunjwa, na mgonjwa akajificha ndani. Mwanafunzi anayejua Dholuo na aliyekulia huko anaweza kukaa na dani chini ya mwembe akaongea naye polepole, bila kumdharau wala kudharau anachoamini. Huo ni ujuzi ambao bingwa wa kutoka Nairobi hana.

Kuna mengine ya hapa ambayo kitabu cha ng’ambo hakikupi. Kijana anayeosha magari ziwani, mikono na miguu majini kutwa nzima, akilalamika vipele vya mwasho baada ya kutoka majini, mwulize kuhusu kichocho kabla ya kumpa kremu. Waosha magari wa Kisumu wamechunguzwa na watafiti kwa miaka kwa sababu hiyohiyo.

Jua nalo. Ikweta inapita Maseno kwenyewe, kibao kiko kando ya barabara watu wakipigia selfie. Sensa ya 2019, ya kwanza Kenya kuwahesabu watu wenye ualbino, ilipata 9,729. Kwao jua hili ni hatari ya saratani, na losheni ya kukinga jua si urembo. Moshi, Tanzania, hospitali ya KCMC ina kituo cha kanda cha mafunzo ya ngozi kilichoanzishwa miaka ya 1990, na hapo hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun mahususi kwa watu wenye ualbino. Moshi si Ulaya. Ziara ya mafunzo huko ingefaa klabu kuliko kongamano lolote la hotelini.

Tunaogopa jambo moja zaidi, nalo linatuhusu sisi wasomaji wa ukurasa huu. Klabu ya ngozi ikianzishwa chuoni, wa kwanza kubisha hodi watakuwa wauza vipodozi. Watatoa sampuli, watalipia keki, wataomba nembo yao iwe kwenye bango. Polepole mikutano itakuwa ya chunusi na “rutini” ya usiku. Chunusi si jambo dogo, tunajua. Kuna watu hawatoki nje kwa sababu yake. Ila tukubaliane kwamba mtu wa TikTok anayekuuzia seramu ya elfu tatu hahitaji msaada wa mwanafunzi wa udaktari. Anayeuhitaji ni msichana aliyenunua kremu ya kung’arisha sokoni, kwenye kikopo kisicho na orodha ya viungo. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku Kenya, na bado vinapatikana. Zebaki huharibu figo. Klabu inayofadhiliwa na muuza kremu itamwambia hayo kwa sauti gani?

Wanafunzi watatujibu, na wana haki: hatuna muda, tuna CAT, tuna zamu za wodi, hatuna hela. Pia kisheria hawawezi kutibu wenyewe bila msimamizi mwenye leseni, na msimamizi huyo ana wagonjwa wake. Ndiyo sababu hatuwaombi kambi zaidi. Tunawaomba kambi chache. Badala ya vijiji sita kwa mwaka, chagueni kimoja, mwende mara sita. Na katikati ya ziara kuna watu ambao tayari wako pale. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini, wanaopita nyumba kwa nyumba. Mhudumu wa mtaa anajua nyumba ya yule mtoto. Anajua kama dawa ilipakwa na wote au baba alikataa. Kwenye fuo, kamati za BMU zinajua nani amehamia kisiwa cha Remba kufuata omena na atarudi lini.

Klabu ikimfundisha mhudumu mmoja kutambua upele, choa na baka lisilohisi, ikamwachia namba ya kumpigia afisa wa kliniki, kazi inaendelea hata wiki ya mitihani. Daftari la wagonjwa libaki zahanati, chini ya muuguzi msimamizi, lisiwe kwenye laptopu ya mwenyekiti wa klabu atakayefuzu mwaka ujao na kuondoka nalo. Kila ukurasa uwe na nafasi ya tarehe mbili, ya kwanza na ya kurudi. Mwisho wa mwaka, klabu ikitoa ripoti, itupe idadi ya waliojazwa tarehe zote mbili. Tutaichapisha hapa, hata ikiwa ni nyumba nane.

Na kama shida ni nauli ya basi, anzeni na Manyatta. Kutoka lango la Russia ni mwendo wa miguu.